Anayeuliza Mapato na Matumizi Anatimiza Wajibu Wake

"Haki inakwenda na wajibu." Utaisikia kwa mkuu wa wilaya anapozindua darasa, kwa diwani anapofunga kikao cha kata, kwa mbunge anapozunguka jimboni. Mara nyingi inatoka baada ya mwananchi kuuliza jambo. Mtu anasimama kwenye mkutano wa kijiji, anataka kujua fedha za zahanati ziliingia kiasi gani na zimekwenda wapi, na kabla hajamaliza anajibiwa: mnajua sana kudai haki, wajibu wenu je? Wewe mchango umeshalipa? Minong'ono inapita, aliyeuliza anakaa, ajenda inasogea mbele.

Sentensi yenyewe ni ya kweli na naikubali kwa moyo wote. Ninachokikataa ni mgawanyo uliofichwa ndani yake. Kwa mgawanyo huo, mwananchi anapouliza, anadai haki. Anapolipa na kunyamaza, anatimiza wajibu. Hivyo wajibu umekuwa kitu ambacho serikali inamdai raia, na haki kitu ambacho raia anaiomba serikali. Katiba yetu haisemi hivyo. Anayetaka kuhakikisha afungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Sura ya Kwanza, Sehemu ya Tatu, ambayo kichwa chake ni "Haki na Wajibu Muhimu".

Haki zinaanzia ibara ya 12 hadi ya 24, wajibu unafuata kuanzia ya 25 hadi ya 28. Ibara ya 25 inahusu kazi, ya 28 inahusu ulinzi wa taifa. Hizo mbili hazina ugomvi mkubwa. Ibara ninazoomba tuzisome taratibu ni ya 26 na ya 27, kwa sababu ndizo zinazotajwa sana majukwaani na kusomwa kidogo.

Ibara ya 26 inaanza na utii. Kila mtu ana wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria za Jamhuri ya Muungano. Tuangalie anayetakiwa kutii na kinachotiiwa. Anayetakiwa kutii ni kila mtu: mkulima, mtendaji wa kijiji, askari, waziri. Kinachotiiwa ni Katiba na sheria, si mtu aliyeshika kipaza sauti. Kisha linakuja fungu la pili: "Kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi." Hii ni haki, tena imeandikwa hivyo, lakini waandishi wa Katiba hawakuiweka kule juu pamoja na uhuru wa maoni na haki ya kumiliki mali. Waliiweka ndani ya ibara ya wajibu. Kulinda Katiba dhidi ya anayeivunja, awe nani, ni upande wa pili wa kuitii.

Ibara ya 27 inakwenda mbali zaidi. Inamtaka kila mtu alinde mali asilia, mali ya mamlaka ya nchi na mali yote inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na aheshimu mali ya mwenzake. Inatutaka tupige vita aina zote za uharibifu na ubadhirifu, na tuendeshe uchumi wa taifa kwa makini kama watu ambao ndio waamuzi wa hali ya baadaye ya taifa lao. Yaani mwananchi ameagizwa na Katiba kupiga vita ubadhirifu. Atapigaje vita kitu asichoruhusiwa kukiona? Ndipo ibara ya 18, inayompa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, inapokuwa zana ya kutimizia ibara ya 27. Yule aliyeuliza fedha za zahanati alikuwa anatekeleza wajibu alioandikiwa, na aliyemkatiza ndiye aliyemzuia kuutekeleza.

Haki hizi hatukuzipata mapema. Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na orodha ya haki inayoweza kudaiwa mahakamani, na hoja ya viongozi wa wakati ule ilikuwa kwamba nchi changa, yenye kazi ya kujenga umoja na uchumi, ingefungwa mikono na kesi. Orodha hiyo iliingia mwaka 1984 kwa mabadiliko ya tano ya Katiba, na hata hapo serikali ilijipa muda: mahakama zilianza kupokea madai ya haki hizo Machi 1988. Tangu mwanzo, kwa hiyo, kulikuwa na hofu kwamba raia mwenye haki ni raia msumbufu. Hofu hiyo haijaisha, na athari yake inaonekana vizuri zaidi katika safari ya lile fungu la pili la ibara ya 26.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, akipinga mambo kadhaa, likiwemo sharti kwamba mgombea wa nafasi ya uongozi wa kisiasa lazima adhaminiwe na chama. Serikali ikaweka pingamizi linalozoeleka: huyu bwana jambo hili linamhusu nini yeye binafsi kuliko wananchi wengine? Jaji Kahwa Lugakingira, katika hukumu ya mwaka 1994, alijibu kwa ibara ya 26(2). Alisema fungu hilo linampa mtu nafasi ya kuitetea Katiba hata kama hajaumizwa peke yake, na kwamba akijitokeza mtu mwenye moyo wa kuutetea umma, mahakama, kwa kuwa ni mlinzi wa Katiba, inapaswa kumsikiliza. Alitazama hali halisi ya nchi: watu wengi ni maskini, wengi hawazijui haki zao. Kusubiri kila aliyeonewa aje mwenyewe na wakili wake ni kusubiri asiyekuja.

Hukumu hiyo ilimruhusu pia mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, na kilichofuata kinajulikana. Katiba ilibadilishwa mwaka huohuo wa 1994 kuziba mlango uliofunguliwa na hukumu; Mahakama Kuu ikaufungua tena mwaka 2006; Mahakama ya Rufani ikaufunga mwaka 2010; na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia wake. Novemba 2019 nchi yetu ilitoa taarifa ya kujiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kupeleka mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mahakama imo ndani ya nchi yetu, Mtanzania hawezi tena kuiendea mwenyewe.

Lakini somo kubwa la kesi ya Mtikila kwangu si mgombea binafsi. Ni lile swali la serikali: linakuhusu nini? Chukueni kesi ya Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Gyumi hakuwa binti wa miaka 15 aliyekuwa anaozwa. Alikwenda mahakamani kwa ajili ya mabinti ambao wasingeweza kwenda. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba na ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka ulipita, na mingine ikafuata, bila Bunge kubadilisha sheria. Hata hivyo msimamo wa mahakama upo kwenye kumbukumbu, na haukuletwa pale na mtoto aliyeozwa. Ulitokana na mtu mzima aliyeona kwamba la mtoto wa mwenzake linamhusu.

Mwaka 2020 Bunge likarekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu. Marekebisho yakataka anayefungua shauri la haki aambatanishe kiapo kinachoonyesha ni kwa kiasi gani ukiukwaji huo umemwathiri yeye binafsi, na yakasema bayana kwamba hata anayetumia ibara ya 26(2) atabanwa na sharti hilo. Watetezi wa haki za binadamu waliyapinga marekebisho hayo mahakamani, na nadhani walifanya vema kabisa. Kwa kipimo hicho Mtikila angegota mlangoni. Gyumi naye. Na mashirika yaliyoipeleka mahakamani takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yangejibu nini yakiulizwa takrima imewaathiri vipi binafsi? Ilikuwa Aprili 2006 ambapo Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyohalalisha mgombea kuwakirimu wapiga kura. Aliyeathirika na takrima ni kila Mtanzania, na jambo linalomuumiza kila mtu ndilo ambalo sheria ya aina hii inaligeuza kuwa jambo lisilo na mwenyewe.

Wenzetu wa Kenya walikwenda njia nyingine. Ibara ya 3 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa kila mtu jukumu la kuheshimu, kuzingatia na kulinda Katiba, na ibara ya 258 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, au kwa maslahi ya umma. Wana matatizo yao mengi, lakini swali la "linakuhusu nini" walilijibu ndani ya Katiba yenyewe.

Sasa turudi kijijini, maana huko ndiko wengi wetu tungeweza kuutimiza wajibu huu bila wakili wala nauli ya kwenda Dodoma.

Tanzania Bara ina zaidi ya vijiji 12,000. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu, na wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika sera za kijiji. Ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na unaweza kuwaondoa. Unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliongeza uzito mwingine: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu. Bibi mwenye robo eka ya mihogo ana kura sawa na mwenye trekta, na mwekezaji anayetaka shamba, pamoja na vibali vyake vyote, hana budi kusubiri mkutano ambao bibi huyo ni mjumbe wake halali.

Sidhani kama kuna mahali pengine katika mfumo wetu wa utawala ambapo raia wa kawaida amepewa madaraka makubwa namna hii mkononi, ana kwa ana. Bungeni anawakilishwa. Kwenye halmashauri ya wilaya anawakilishwa. Kijijini yeye mwenyewe ndiye mjumbe.

Na anayeijua mikutano hii anajua kinachotokea. Miezi mitatu inapita, sita inapita. Tangazo linabandikwa jana yake, au linapita na kipaza sauti watu wakiwa shambani. Akidi haitimii, mkutano unaahirishwa, na hakuna anayerudi kuuitisha. Unapofanyika, ni kwa sababu mgeni anakuja na anahitaji watu wa kumpokea. Mapato na matumizi yanasomwa mwishoni, jua limeshakuwa kali, kwa jumla tupu: yaliingia kiasi hiki, yakatumika kiasi hiki, salio ni hili. Hakuna mwenye karatasi mkononi zaidi ya mtendaji. Halafu inakuja mengineyo, na watu wanaanza kunyanyua viti.

Nakumbuka mpango wa madarasa ya UVIKO mwaka 2021, pale mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ulipotumika, pamoja na mambo mengine, kujenga madarasa 15,000. Sina nia ya kuupamba mradi ule. Ila ulikuwa na jambo moja ambalo miradi mingine mingi haina: kila mtu alijua bei. Darasa moja, Shilingi milioni 20. Ilitangazwa redioni, ikaandikwa magazetini, ikarudiwa na kila kiongozi. Kwa namba hiyo moja, fundi wa kijijini aliweza kukaa chini akapiga hesabu ya saruji, mabati, mbao na ufundi, akatazama jengo, akajua pa kuuliza. Mwananchi hakuhitaji shahada ya uhasibu. Alihitaji namba inayoeleweka na jengo analoliona kwa macho. Ndiyo maana nasema wajibu wa ibara ya 27 unawezekana kabisa kwa watu wa kawaida, ikiwa taarifa zitafika kwao kwa namna ambayo mtu anaweza kuzipima.

Hapa lazima niseme na upande wetu, kwa sababu si kila lawama ni ya watawala. Wapo wanaosubiri mkutano uishe ndipo walalamike kijiweni. Wapo ambao mkutano ukiitishwa wanasema siasa hawaitaki, kisha shamba la kijiji likiuzwa wanashangaa lilipitishwa lini. Katika uchaguzi mkuu wa 2005 waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 72 ya waliojiandikisha. Mwaka 2010 wakashuka hadi kama asilimia 43. Zipo sababu nyingi, nyingine za haki kabisa, lakini zaidi ya milioni 11 waliojiandikisha na hawakutokea siku ya kura hawawezi wote kuwa walizuiwa. Na takrima, pamoja na hukumu ya 2006, haijatoka mikononi mwetu. Mgombea anayetoa kitenge na ubwabwa anatoa kwa sababu yupo anayepokea. Aliyepokea anapomfuata baadaye kumuuliza mapato na matumizi, anamkuta mtu anayeamini kwamba hesabu yao ilishafungwa.

Ila uvivu huu una chanzo, na tusijifanye hatukioni. Mtu aliyesimama mara ya kwanza akaitwa mchochezi, mara ya pili akaambiwa anapinga maendeleo, mara ya tatu mgambo akatumwa kumwita ofisini, hatasimama mara ya nne. Jirani zake waliotazama hawatasimama hata mara ya kwanza. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulitoa funzo la namna hiyohiyo kwa nchi nzima: wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwenyekiti aliyepatikana kwa namna hiyo ana sababu gani ya kuitisha mkutano kila baada ya miezi mitatu ili aulizwe maswali?

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu watu waliandamana katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Watanzania wakauawa. Tangu siku hiyo tumehubiriwa sana wajibu wa kulinda amani. Nakubali kwamba wajibu huo upo. Waliochoma vituo vya mabasi na mali za watu walikwenda kinyume na ibara ya 27, na sheria ina jibu lake kwao. Lakini ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake, na ibara ya 26, ile ya utii, inasema kila mtu. Askari yumo. Aliyetoa amri yumo. Mzazi anayetaka kujua mwanawe alipigwa risasi na nani, kwa amri ya nani, na mwili uko wapi, havurugi amani. Anaisimamia Katiba mahali ambapo imeumia zaidi, na kumnyamazisha kwa jina la wajibu ni kumnyang'anya wajibu wenyewe.

Ninavyoona, kazi ya kurekebisha inaweza kuanzia juu na chini kwa pamoja. Juu, Bunge liiache ibara ya 26(2) isomeke ilivyoandikwa, bila kumtaka mtetezi wa umma athibitishe jeraha lake binafsi. Chini, mambo ni madogo na hayahitaji katiba mpya, ingawa mimi ni miongoni mwa wanaoamini tunaihitaji. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa kijiji siku kadhaa kabla ya mkutano, mstari kwa mstari, na risiti zake zikae ofisini kwa anayetaka kuzitazama. Mapato na matumizi yawe ajenda ya kwanza baada ya muhtasari, watu wakiwa bado na nguvu. Kila mradi uandikwe gharama yake kwa kipimo ambacho fundi wa kijijini anaweza kukihesabu, kama tulivyoweza kwa darasa la milioni 20. Na kila mkurugenzi wa halmashauri, ambaye tayari anayo orodha ya vijiji vyake vyote, aongeze humo safu moja tu: tarehe ya mkutano mkuu wa mwisho wa kila kijiji. Orodha hiyo ikibandikwa ukutani mwa ofisi ya wilaya na kurudiwa kila robo mwaka, tutajua ni wapi mkutano haujakaa tangu mwaka juzi, na nani alipaswa kuuitisha.